Mwalimu Aliyejenga Kila Jioni

Kabla hujaliona, ulisikia masufuria. Yalitundikwa ndani, kwenye lile bomba la juu ambalo zamani lilishikwa na wanafunzi waliokosa viti, na barabara ilipokuwa mbaya yaligombana kwa zamu: la ugali lilianza, kikaango kikajibu, na birika la chai likaingilia mambo yasiyolihusu. Pale sokoni Katesh watu waligeuza shingo kabla vumbi halijafika. "Mwalimu anahama," muuza vitunguu alisema bila kuacha kufunga mafungu yake. Ndipo kona ilipolitoa: basi dogo la njano, lililostaafu kubeba watoto wa shule. Jina la shule lilikuwa limekwanguliwa ubavuni na kubaki neno moja tu, WANAFUNZI, na juu ya neno hilo pazia la maua lilipepea dirishani.

Humo ndimo alimoishi mwalimu wetu wa jiografia na mke wake, ambaye sisi sote tulimwita Mama Mwalimu. Kitanda kilikuwa nyuma, jiko la gesi katikati, na mbele kiti cha dereva chenye mto wa kufuma.

Ole wako uliite gari.

"Gari liko wapi?" angekuuliza, akitazama huku na huku kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka. Ilikuwa nyumba. Na nyumba haiegeshwi, inajengwa. Akishazima injini na kuweka mawe manne kwenye magurudumu, aliteremka, akajipangusa mikono na kutangaza, "Leo tumejenga Basotu." Wiki iliyofuata angejenga Bashay kwa shemeji yake, kisha uwanja wa kanisa, kisha nyuma ya ghala la ngano ambako mlinzi alimfukuza kwa adabu. "Tunabomoa," alimwambia mkewe, na mkewe akakaza kifuniko cha ndoo ya maji, kwa sababu huko ndiko kubomoa kulikoanzia.

Kama mwalimu, alikuwa balaa. Ulimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza unaelekea wapi. Ukisema sokoni, alitikisa kichwa. "Soko si upande. Upande gani?" Ukisema kushoto, ulikuwa umejitafutia adhabu ya kumwagilia miche ya shule, iliyokuwa, kwa maelezo yake, kusini-mashariki. Kwake dunia haikuwa na kushoto wala kulia. Hayo yalikuwa mambo ya viatu. Nimekuwa mtu mzima, ninaandika riwaya, lakini mpaka leo siwezi kuingia chumba cha hoteli bila kutafuta kaskazini kwanza, na yeye hajawahi kuomba radhi kwa hilo.

Riwaya zenyewe alizidharau kwa moyo mweupe. "Nimesoma kitabu chako," aliniambia mara ya kwanza. "Mtu anatoka nyumbani kwake, anatembea kurasa kumi, hatujui anakwenda upande gani."

"Anakwenda kwa mchumba wake, Mwalimu."

"Mchumba si upande."

Somo lake kubwa lilikuwa bahari. Milima aliifundisha haraka haraka, kama mtu anayewasalimia jirani wa kila siku, na Mlima Hanang aliuelekeza kwa kidole cha mkono uliokuwa na chaki bila hata kugeuka. Lakini tukifika baharini alivua koti. Alileta darasani beseni la bluu lililojaa maji, akalishika kwa mikono miwili, akafumba macho. "Mwezi unavuta," alisema, na beseni likainama, na sisi wa dawati la mbele tukalowa mpaka magotini. "Hayo ni maji kujaa. Sasa mwezi unaachia." Tukalowa tena. Hakuna darasa lililojua kujaa na kupwa kuliko letu. Tulikuwa tumeviona vikitokea kwenye sketi zetu.

Jambo moja hakulisema, nasi hatukuwa na adabu ndogo kiasi cha kumuuliza: bahari yenyewe hakuwahi kuiona. Alikuwa amefika Arusha, kwenye kusahihisha mitihani, akarudi.

Sasa niseme habari za tope, kwa sababu bila tope hakuna basi.

Walikuwa na nyumba Jorodom, chini ya Mlima Hanang, nyumba ya kweli, ya tofali za kuchoma, na mlango wa mninga ambao Mwalimu aliusifia kuliko watoto wake. Siku mlima uliposhuka na tope lake walikuwa Bashay kwenye harusi ya mpwa wao. Walikuwa wamemwachia jirani ufunguo. Jirani aliwahi kukimbilia juu kwenye kilima na watu wake, ufunguo ukiwa mfukoni, na siku ya pili alimrudishia Mwalimu ufunguo huo huku analia. Kuna wengine wa mtaa ule ambao hawakukimbia. Kuhusu hao Mwalimu, aliyekuwa na mzaha kwa kila kitu na askofu akiwemo, sikumsikia hata mara moja akifanya mzaha.

Ila kuhusu ufunguo alifanya. Aliufunga kwa kamba ya kiatu akauvaa shingoni. "Ufunguo upo," alikuwa akiwaonyesha wageni. "Mlango ndio haupo."

Na kutokana na siku ile alitunga sheria yake: nyumba haiachwi bila mtu. Kwetu huku si sheria ngeni. Nyumba nyingi za Mbulu na Hanang hubakishwa mtu, bibi au binti mmoja, ili moto usizime na mgeni apate wa kumwitikia. Lakini Mwalimu aliikaza mpaka ikalia. Aliamini kabisa kuwa ile nyumba ya Jorodom iliangalia ndani yake, ikaona hakuna mtu, ikajiondokea. Hii ya pili isingempata hivyo. Ingeondoka, lakini ingeondoka naye.

Kwa hiyo tangu walipohamia kwenye basi, hao wawili hawakuwahi kutoka pamoja. Kanisani Mama Mwalimu alikwenda ibada ya kwanza, yeye ya pili, wakapishana mlangoni kama walinzi wa benki. Kwenye picha za harusi za ukoo utamwona mmoja tu, kila mara na mkono umekaa vibaya, kama unatafuta wa kumshika. Mtu akijitolea kubaki, Mwalimu alitoa ufunguo kifuani. "Wa mwisho kujitolea alinirudishia huu." Mazungumzo yakaishia hapo.

"Nimeolewa na zamu," Mama Mwalimu aliniambia siku moja tukimenya viazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sura, mwenye ulimi ambao ungeweza kukata nyama iliyoganda. "Nikifa sijui nani atanizika. Yeye atakuwa ndani."

Safari ya baharini ilikuwa wazo lake. "Miaka yote umemleta huyu bahari ndani ya nyumba yangu kama mwanamke mwingine," alimwambia mumewe mbele yangu. "Kujaa kwake, kupwa kwake, uzuri wake. Nataka nikamwone." Mwalimu alijikuna shingo pale kamba inapokaa. Alisema matairi. Alisema mvua. Mama Mwalimu alisema kuna kambi ya wageni Pangani, mtu unaingia na gari lako, samahani, na nyumba yako, unalala ufukweni. Kisha akanigeukia. "Na wewe mwanangu uje. Ukae katikati, tusiuane."

Tulibomoa Katesh alfajiri, masufuria yakishangilia.

Ndani ya nyumba ile pia hapakuwa na kushoto. "Nipe chumvi," Mwalimu alisema siku ya kwanza, tulipojenga kando ya barabara kupata mlo wa mchana, "iko kaskazini-magharibi ya jiko." Nikaipata. Lakini nyumba inayotembea ina tatizo lake. Tulipoiacha Moshi na barabara ikapinda kuelekea Same, chumvi, bila kuondoka kwenye rafu yake, ilihamia kaskazini-mashariki, majani ya chai yakaenda kusini-magharibi, na mimi nikamletea Mwalimu sabuni. Mama Mwalimu hakuwa na taabu hiyo. Alinyoosha mkono bila kutazama na kila kitu kikaja. "Mwache azungushe dunia," alisema. "Mimi vyombo vyangu vipo vilipo."

Nilimwekea ramani ya simu. Dada wa kwenye simu alisema geuka kulia. "Huyu amesoma wapi?" Mwalimu aliuliza, akapita moja kwa moja. Dada akasema rudi nyuma. "Mwambie mimi nilikuwa nafundisha ramani kabla yeye hajapata sauti." Tulizunguka mji wa Moshi kwa sababu ya ubishi huo, tukapita mbele ya kituo kile kile cha mafuta mpaka wahudumu wakaanza kutupungia.

Usiku tulijenga Same, kwenye uwanja wa sekondari, baada ya Mwalimu kumtafuta mkuu wa shule na kujitambulisha kama mtu anayehamia. Asubuhi tukashika njia ya Korogwe. Milima ya Upare ikatembea nasi upande wa mashariki, na Mwalimu akaitaja safu kwa safu kwa furaha kubwa, akipiga honi kila alipokuwa sahihi. Yakaja mashamba ya mkonge, mistari kwa mistari. Hewa ikabadilika, ikawa nzito na yenye unyevu, kama shuka iliyoanuliwa kabla ya wakati wake. Na kadiri hewa ilivyobadilika, ndivyo Mwalimu alivyozidi kunyamaza. Baada ya Muheza hakuna mlima uliopigiwa honi. Kweli, milima ilikuwa imeisha, lakini zamani angelipigia honi hata hilo.

Kijana wa kambi alitupokea getini kwa ile lugha laini ya pwani. "Karibuni wazee wangu. Nafasi nzuri ipo mbele kabisa, mkifungua mlango maji haya hapa."

Mwalimu aliteremka. Alikanyaga mchanga, akauchota, akautazama ukimpita vidoleni. "Huu udongo unasogea," alisema.

"Ni mchanga, mzee."

"Udongo unaosogea nimeshauona."

Akajenga karibu na geti, kwenye changarawe ngumu, nyuma ya jengo la vyoo. Kati yetu na bahari kulikuwa na ukuta wa vyoo, mstari wa mivinje na mahema ya watu waliokuja kupumzika. Bahari hatukuiona. Tuliisikia, ikivuma chini chini bila kukoma, na Mwalimu alisimama akiwa ameinamisha kichwa. "Hilo lori," alisema, "mbona halipiti?"

Majirani wa Jorodom walikuwa wamemwambia tope lilikuja na sauti ya malori mengi.

Kisha akajitikisa na kufanya kilekile ambacho mtu wa kwetu yeyote angefanya akihamia ugenini: Mama Mwalimu akiwa ndani, yeye akachukua kibuyu cha maziwa mgando, akaenda kuwaamkia majirani. Alisimama mbali na hema la kwanza, kwa heshima, akakohoa. Akakohoa tena. Zipu ikafunguka, kikatoka kichwa cha msichana mwenye miwani ya jua.

"Unaumwa, mzee?"

"Hapana. Tumehamia hapo magharibi yenu. Mwenyekiti wa kitongoji ni nani?"

Msichana alimtazama, akatazama kibuyu. Alikuwa wa Dar es Salaam na wikiendi hii alikuwa ameilipia. "Hapa hakuna mwenyekiti, babu. Hapa tunapumzika tu."

"Na mkipatwa na jambo?"

Hema lilifikiri. "Tutapiga simu mapokezi," lilijibu, kwa sauti ya kiume, kutoka ndani.

Aliyaamkia mahema yote ya upande wa geti, na wanne wakanywa maziwa, mmoja kwa hiari. Ya upande wa bahari hakuyagusa. Nililiona hilo, na Mama Mwalimu, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia la maua, aliliona kabla yangu.

Zamu ya kwanza ilikuwa yake. Nilimsindikiza. Hapa ningeweza kueleza alivyofanya alipoiona bahari, maana kueleza ndiyo kazi yangu, lakini aliniapisha palepale, maji yakiwa kifundoni, kwamba nisimwambie mtu, na hasa mtu mmoja. Naweza kusema tu kwamba alirudi na kitenge kimelowa mpaka kiunoni na hakukikamua.

"Zamu yako," alimwambia mumewe.

"Jua likipungua."

Jua likapungua. Mwalimu akasema mbu. Asubuhi akasema tubomoe mapema, malori ya Segera yatatuzuia. Mama Mwalimu akaketi katikati ya kitanda, akakunja miguu na mikono.

"Niko ndani," alisema. "Nyumba ina mtu. Nenda."

Hapakuwa na pa kujificha. Mwalimu akavaa koti, lile la kufundishia, akaweka kalamu mfukoni, akaenda.

Mimi nilikuwa kwenye bomba la nje naosha vikombe. Nilimwona akifika kwenye kona ya jengo la vyoo. Hatua chache zaidi na angeiona yote. Alisimama. Ukutani palikuwa na tangazo la kuwaomba wageni wasipoteze maji. Alilisoma. Alifika mwisho, akarudi juu, akalisoma upya, mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Nyuma ya ukuta bahari ilivuma. Kisha akageuka, akapita karibu nami bila kunitazama, akapanda ngazi.

"Nimeiona," alisema.

Mama Mwalimu hakukunjua mikono. "Ilikuwa inajaa au inakupwa?"

Mtu aliyelowesha vizazi vya wanafunzi kwa beseni la bluu alisimama katikati ya nyumba yake mwenyewe akitafuta jibu kwenye masufuria.

"Ilikuwa," alisema, "katikati."

"Katikati."

"Ndiyo."

"Haya," alisema mkewe, akaenda kukaza kifuniko cha ndoo ya maji.

Kutoka Pangani mpaka Katesh Mama Mwalimu hakusema neno moja kuhusu bahari. Hakununa, hapana. Aliongea kuhusu bei ya vitunguu, kuhusu mpwa wao, kuhusu mbuzi waliolala barabarani pale Makuyuni. Lakini Mwalimu alipouliza, kama mtu anayeuliza tu, rangi yake kwa mbali ilikuwaje, alijibu, "Si uliiona?" Alipouliza mawimbi yalitoka upande gani, alijibu, "Upande wa katikati." Mwalimu akanijaribu mimi kwenye kituo cha mafuta. Nikasema nimeapa. Alinitazama kwa uchungu mkubwa. "Umeandika uongo vitabu viwili," alisema, "leo ndiyo umepata kiapo."

Niliwaona tena mwaka huu, nilipokwenda Katesh kuwasalimia wangu. Sikusikia masufuria, na hilo lilinitisha kidogo. Nililikuta basi kwenye kiwanja alichonacho shemeji yake hapo mjini, mawe yakiwa kwenye magurudumu, nyasi zimefika kwenye neno WANAFUNZI. Mama Mwalimu alikuwa amesimama nje, amevaa viatu vya kutokea, begi liko miguuni.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja wakati mzuri. Tunasafiri."

"Mnabomoa?"

"Hatubomoi. Tunakwenda na basi la abiria. Arusha, halafu Tanga."

Nilihesabu watu. Kulikuwa na yeye nje, na ndani kishindo cha mtu anayetafuta kiatu. "Nani anabaki?"

Alinyanyua mabega, akaelekeza mlangoni kwa kidevu.

Nikapanda. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva amevaa koti, anafunga kamba za viatu. Alikuwa amezeeka, lakini kwa mpangilio, kama ramani iliyokunjwa kwa kufuata mistari yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akasahau kuniuliza ninaelekea upande gani.

"Mwalimu, mimi nina wiki nzima," nilisema. "Acheni nibaki. Nitalala humu, nitawasha jiko, mgeni akija nitamwitikia."

Nilitegemea ufunguo. Aliushika kweli, kupitia shati, lakini hakuutoa.

"Ukibaki wewe, sitakuwa nimeiacha," alisema. "Roho yangu itakuwa humu inakuangalia kama umelala."

"Basi abaki Mama, twende wote mimi na wewe."

Alimaliza kamba ya kwanza, akaanza ya pili. "Pale Pangani nilifika ukuta wa choo," alisema polepole. "Wewe uliniona, nilijua. Peke yangu naishia pale. Na wewe utanisindikiza mpaka pale, uniandike." Akainua uso. "Yule akinishika mkono nitapita. Akinishika mkono hayuko ndani. Ndiyo hesabu yenyewe. Nimeifanya tangu tuliporudi, inatoka jibu hilohilo."

"Na nyumba?"

Alitazama nyuma: kitanda kilichotandikwa, ndoo iliyofunikwa, masufuria yaliyotulia kwenye bomba. Miezi yote hiyo basi halikuwa limeondoka pale, na chumvi ilikuwa imebaki upande mmoja wa dunia.

"Nje, wewe," aliniambia. "Siwezi kufanya jambo hili na mtu ananikodolea."

Niliteremka. Mama Mwalimu alikuwa tayari amebeba begi, ameanza kwenda polepole, bila kugeuka nyuma, mkono mmoja ameuachia wazi pembeni. Ndani tulimsikia akitembea mpaka nyuma na kurudi. Tulimsikia akikohoa, kwa heshima, kama kwenye boma la mtu mwingine. Hakuna aliyemwitikia. Kisha akateremka ngazi, mguu wa kwanza, wa pili, akakanyaga ardhi ya Katesh akiwa ameshika kitasa cha mlango.

"Umefunga na funguo?" Mama Mwalimu aliuliza kwa mbali.

"Funguo za nini," alisema, akauvuta mlango nyuma yake, na masufuria yote yakalia mara moja ndani ya nyumba isiyo na mtu.